Meza inahama mashine ya kukereza ikizunguka: je, tatizo ni skrubu?

"Nina mashine ndogo ya kukereza mbao, uzito wake kama kilo 40. Nimeiweka juu ya meza niliyounda mwenyewe: miguu ya mbao ya sm 5 kwa 5, juu plaiwudi moja ya mm 18, urefu mita 1 na upana sm 45. Nimeifunga kwa skrubu nne za mbao. Nikikereza miguu ya viti haina shida, ila nikiweka kipande cha bakuli cha sm 25 na kufika mizunguko 1,000 kwa dakika, meza nzima inatetemeka na kusogea sakafuni. Nimekaza skrubu mara tatu, zinalegea tena, na matundu yameshapanuka. Mmoja ananiambia niweke mpira chini ya mashine, mwingine anasema nifunge meza kwenye sakafu ya zege yaishe. Nifanye lipi, na je, niendelee kuitumia wakati natafuta suluhisho?"

Nianze na swali la mwisho, maana ndilo la haraka. Miguu ya viti na kazi nyingine nyembamba unaweza kuendelea nazo mradi mashine yenyewe haichezi juu ya meza. Bakuli la sm 25, hapana. Liache hadi mashine iwe imefungwa upya. Skrubu iliyolegea kwenye tundu lililopanuka haikupi onyo la pili: siku patasi itakapong'ata, mashine inaweza kuinuka upande mmoja kipande kikiwa bado kinazunguka mbele ya kifua chako.

Sasa kwenye kiini. Umeandika kana kwamba tatizo ni skrubu, na hata washauri wako wote wawili wanazungumzia namna ya kufunga. Skrubu zako ni mbovu kwa kazi hii, hilo kweli, lakini hizo ndizo zinazoumia, siyo zinazosababisha. Mtetemo unazaliwa kwenye mbao inayozunguka, unakuzwa na meza iliyo laini, yaani inayoyumba kirahisi, na skrubu zinapata kipigo katikati. Ukibadilisha skrubu peke yake, utakuwa umeunganisha mashine na meza dhaifu kwa uimara zaidi, na meza itaendelea kutembea.

Tazama nguvu yenyewe. Kipande cha bakuli ambacho hakijawa duara kamili, au chenye kifundo upande mmoja, au kilicho kibichi zaidi upande mmoja, kina uzito wa ziada usio na wa kuusawazisha ng'ambo ya pili. Chukua gramu 200 tu zilizozidi, zikiwa sm 10 kutoka katikati. Kwa mizunguko 500 kwa dakika, zinavuta mashine kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 5 na nusu hivi. Kwa mizunguko 1,000, nguvu hiyo haiwi mara mbili bali mara nne: kama kilo 22. Na haivuti upande mmoja ikatulia. Inageuka juu, mbele, chini, nyuma, takriban mara 17 kila sekunde. Inapovuta juu inapunguza uzito unaokandamiza miguu ya meza sakafuni, na kidogo baadaye inasukuma kuelekea mbele. Meza yako na mashine kwa pamoja huenda hazifiki kilo 70. Ndiyo maana meza inatembea.

Hapo utaona kwa nini miguu ya viti haikusumbui. Uzito uliozidi uko sm 2 au 3 tu kutoka katikati, na ni mdogo.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo watu wengi hulikosa. Kila meza ina mwendo wake wa asili wa kuyumba, kama bembea. Ukiisukuma bembea kwa wakati wake, hata kidole kimoja kinaipeleka juu. Ukiisukuma nje ya wakati wake, haiendi popote. Meza yenye miguu myembamba isiyo na mishazari huyumba polepole, na mwendo huo wa polepole unaangukia palepale mashine inapofanya kazi za bakuli. Ukigundua kwamba mtetemo ni mkali kwenye kasi fulani halafu unapungua ukipandisha au kushusha kidogo, umekutana na mwendo huo wa meza. Usiruke juu yake kwa kuongeza kasi na kipande kizito. Shuka.

Kabla hujanunua hata bolti moja, fanya majaribio mawili. La kwanza: ondoa mbao yote, washa mashine ikiwa tupu, na upandishe kasi taratibu kutoka ya chini hadi ya juu. Ikitetemeka sana ikiwa tupu, tatizo liko ndani ya mashine: beringi zimelika, mkanda una kovu, puli imelegea au mota haikukaa sawa. Hakuna meza itakayoponya hilo. La pili: zima, chomoa waya wa umeme, shika mashine kwenye usawa wa mhimili (chuma kinachozungusha mbao) na uisukume mbele na nyuma kwa nguvu ya mkono mmoja. Mtu mwingine aangalie miguu ya meza. Kwa meza kama uliyoieleza, nategemea utaiona ikiyumba wazi, kona za fremu zikifunguka na kufunga. Ukishaona hivyo kwa macho yako, hutahitaji kushawishiwa na mtu.

Basi mpangilio wa kazi ni huu: kwanza mbao inayokerezwa, kisha ugumu wa meza, kisha bolti, na uzito mwisho. Mpangilio huo una sababu. Ukianza na uzito, kama mchanga, kwenye meza iliyo laini, unaongeza uzito bila kuongeza ugumu, na mwendo wa asili wa meza unashuka zaidi. Inawezekana kabisa kuweka kilo 60 za mchanga na kuona meza inayumba vibaya zaidi kwenye mizunguko 600 kuliko zamani. Watu huona hivyo wakasema mchanga haufai. Mchanga unafaa sana, ila kwenye meza iliyokwisha kukazwa.

Kuhusu mbao, sitakaa sana. Kata pembe zote kwa msumeno hadi kipande kikaribie duara kabla hakijapanda kwenye mashine. Legeza mkanda ili mhimili uzunguke huru, kigeuze kwa mkono na ukiache: upande mzito utashuka chini wenyewe. Punguza upande huo au hamisha kitovu kuelekea huko. Kwa kasi, zidisha kipenyo kwa sentimita na mizunguko kwa dakika; jibu likae kati ya 15,000 na 23,000 kwa kipande kilichokwisha kuwa duara. Kwa sm 25 hiyo ni mizunguko kati ya 600 na 900. Wewe ulikuwa kwenye 1,000 na kipande ambacho bila shaka hakikuwa duara bado. Anza kwenye kasi ya chini kabisa ya mashine, 400 au 500, na upande pale tu mtetemo unapokuwa umekwisha.

Meza sasa. Hapa ndipo fedha na jasho lako viende.

Miguu ya sm 5 kwa 5 ni myembamba mno. Ama ibadilishe kwa mbao za sm 9 kwa 9, ama gundisha mbao mbili pamoja upate unene huo. Itanue kuelekea mbele na nyuma ili chini iwe pana kuliko juu. Mhimili wa mashine uko karibu mita moja kutoka sakafuni, na nguvu mbaya zaidi ni ile ya mbele na nyuma, wakati upana wa meza yako ni sm 45 tu. Ukifikisha sm 60 au 65 chini, umeipa meza miguu ya kusimamia. Usizidishe mbele hadi vidole vyako vya miguu vigonge, kwa sababu mkerezaji husimama karibu na kuhamisha uzito wa mwili.

Fremu ya mstatili yenye kona za skrubu hujikunja kwa urahisi, pembetatu haijikunji. Unaweza kuweka mishazari ya mbao, lakini kilicho rahisi na imara zaidi ni kufunika nyuma na pande zote mbili za meza kwa plaiwudi ya mm 12 au zaidi, kwa gundi na skrubu kila sm 10 hadi 15. Gundi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Skrubu zinashikilia tu hadi ikauke. Upande wa mbele uache wazi, ila weka ubao mmoja mnene unaounganisha miguu karibu na sakafu. Kwa meza ya mita moja, kazi hii peke yake huleta badiliko kubwa kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja.

Juu ya meza, plaiwudi moja ya mm 18 hupinda katikati kama ngozi ya ngoma. Gundisha ya pili juu yake, upate mm 36, na chini yake pitisha mbao za fremu mahali miguu ya mashine itakapokaa. Panga upande wenye mota uwe karibu kabisa juu ya miguu ya meza, siyo katikati ya nafasi tupu, maana huko ndiko bakuli linakofungwa na ndiko nguvu inakoanzia.

Kabla ya kukata miguu, pima urefu. Simama wima na viatu vya kazini, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Mhimili wa mashine ukae usawa huo. Wanaokereza mabakuli zaidi hupenda sm 3 hadi 5 juu yake. Toa kimo cha mhimili kutoka kitako cha mashine. Kiwiko kikiwa sm 105 na mhimili ukiwa sm 28 juu ya kitako, uso wa meza uwe sm 77. Meza iliyo chini mno humfanya mtu ainame, na anayeinama huweka uso wake mahali mbao hurukia.

Sasa bolti. Skrubu ya mbao hushika kwa meno yaliyokata nyuzi za mbao. Kila mtetemo unasukuma meno hayo kidogo kushoto, kidogo kulia, nyuzi zinapondeka, tundu linapanuka, na likishapanuka skrubu inaanza kupiga badala ya kushika. Kukaza tena ni kukaza kwenye unga. Bolti inayopita hadi chini hufanya kazi tofauti: inabana. Ukiikaza, chuma chake kinanyooka kidogo sana kama springi na kuvuta mguu wa mashine na meza pamoja. Maadamu mbano huo ni mkubwa kuliko nguvu ya mtetemo, hakuna kinachosogea, na kisichosogea hakiliki.

Tumia bolti za mm 10 kama matundu ya miguu ya mashine yanaruhusu, la sivyo mm 8. Urefu uuhesabu: mguu wa mashine ukiwa na unene wa mm 15, meza mm 36, bapa la chuma mm 5, washa mbili mm 4, nati mm 10, jumla mm 70. Chukua bolti ya mm 80. Bolti ikipita pia kwenye ubao wa fremu, ongeza unene wake. Lile bapa la chuma, upana wa mm 40 na unene wa mm 5 au 6, lipite chini ya meza kutoka tundu hadi tundu, moja kila upande. Linasambaza mbano; washa ndogo peke yake huzama ndani ya mbao na mbano ukapotea. Nati iwe ile yenye pete ya plastiki ndani, au weka nati mbili zinazokazana.

Mashine ya kilo 40 inuliwe na watu wawili. Ondoa vile viguu vyake vya mpira kama vipo. Iweke mahali pake na ukague mambo mawili: kwamba mkono wa kufungia egemeo la patasi unazunguka bila kugonga meza, na kwamba kitufe cha kuzimia unakifikia bila kupitisha mkono mbele ya kipande kinachozunguka. Mashine ikae karibu na ukingo wa mbele, ila matundu yasiwe chini ya sm 4 kutoka ukingoni. Chora kwa penseli kupitia matundu ya miguu, ishushe, toboa kwa biti ya mm 11 kwa bolti ya mm 10. Hiyo milimita moja ya ziada itakuokoa tundu moja likienda upande. Shikilia skwea kando ya keke ili tundu liwe wima, na bana kipande cha mbao chini ili plaiwudi isipasuke.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibu mashine nzuri mikononi mwa watu wenye nguvu. Meza ya mbao haiko tambarare kabisa, na mguu mmoja wa mashine mara nyingi huelea kwa unene wa karatasi chache. Ukikaza bolti hiyo hadi pengo lifunge, siyo meza itakayopinda peke yake. Reli za mashine nazo zitapinda. Chuma cha kusubu hustahimili kukandamizwa, ila kukunjwa hakikubali: mguu unaweza kupasuka, au reli zikajipinda kiasi kisichoonekana kwa macho lakini ncha mbili zinazoshika mbao, ya upande wa mota na ya upande wa nyuma, zikaacha kukutana.

Kwa hiyo rudisha mashine bila kukaza. Bonyeza kona kwa kona, kwa mshazari. Ikicheza, sukuma vipande vya karatasi ngumu au bati jembamba chini ya mguu unaoelea hadi isicheze tena. Kisha sogeza ncha ya upande wa nyuma hadi ikaribie kugusa ncha ya upande wa mota, na uzitazame kwa juu na kwa ubavu. Kaza bolti kwa mshazari, robo mzunguko kwa zamu, ukitazama ncha hizo kila mara. Zikianza kuachana, simama, legeza ile uliyoikaza mwisho, ongeza bati chini ya mguu huo. Tumia spana ya kawaida kwa mkono mmoja, bila kuiongezea bomba. Washa ikianza kuzama kwenye mbao, umepita kiasi.

Baada ya wiki moja kaza tena, kwa sababu mbao hubonyea na kukauka. Baada ya hapo kila mwezi inatosha.

Uzito ndio wa mwisho. Tengeneza sanduku kwenye rafu ya chini, sm 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na mbao za kulibeba zikae kwenye mikato ya miguu, zisining'inie kwenye skrubu. Sanduku la sm 100 kwa 40 kwa 20 huchukua lita 80, yaani kama kilo 120 za mchanga mkavu. Uweke ndani ya mifuko ya plastiki ili usimwagike kwenye vumbi la mbao na uweze kuutoa siku ya kuhama. Mchanga una faida kuliko vyuma vizito: punje zake zinasuguana na kumeza mtetemo. Anza na nusu, jaribu, kisha ongeza.

Nirudi kwa washauri wako. Mpira laini kati ya mashine na meza ni wazo baya kwa kazi ya bakuli. Hauondoi nguvu, unaipa mashine nafasi ya kuruka, na bolti haziwezi kubana kitu kinachobonyea. Mpira mgumu na mwembamba, mm 6 hadi 10, chini ya miguu ya meza, ni jambo jingine: unazuia kuteleza na kupunguza kelele. Ukiutaka, weka huko.

Kufunga meza kwenye zege kunafanya kazi, sitaki kukuficha. Bolti za kupanuka za mm 10 zikiingia sm 6 au zaidi ndani ya zege yenyewe, siyo ndani ya lipu ya juu tu, zitaizuia meza kutembea. Lakini hazitaizuia kuyumba juu ya miguu yake dhaifu. Sasa utakuwa na meza isiyotembea na kona zinazofunguka kimyakimya. Isitoshe, sakafu ikiwa haiko sawa, bolti hizo zitaikunja meza na meza itaikunja mashine. Ushauri wangu: usifunge bado. Kaza meza, weka mchanga, jaribu. Kama bado inateleza ukikereza vipande vikubwa vilivyokwisha kusawazishwa, hapo funga, ukitanguliza vibati chini ya miguu mifupi hadi meza ikae yenyewe kabla ya nati kuguswa. Magurudumu, hata yale yenye breki, usiweke kabisa.

Ukimaliza, vaa ngao ya uso, simama kando ya mstari wa kipande, na upandishe kasi kidogo kidogo.

Kuna hali tatu ambazo usihangaike nazo peke yako. Mashine ikitetemeka tupu, au mhimili ukicheza unaposukumwa kwa mkono, mpelekee fundi wa mitambo aisikilize na kukagua beringi. Ukiona ufa kwenye mguu wa mashine au kwenye reli, usiitumie hata kwa kazi ndogo. Kuchomelea chuma cha kusubu ni kazi ya mtu aliyeizoea. Na kama mwili wa mashine unakupiga shoti, hata hafifu, au sakafu unayotaka kutoboa ina mabomba au nyaya usizojua zinapita wapi, mwite fundi umeme au mjenzi aje aone mahali penyewe kabla keke haijawashwa.